Nilimwanikisha mwalimu karata mbele ya mukwe wake

Kabla sijasema kosa langu, acheni kwanza niseme habari ya mbuzi.

Ni mbuzi wa zamani. Alishakufa, waliomla walishakufa, na lori lililombeba liliachwa porini likaota majani. Lakini nikiwaambia kosa bila mbuzi mtasema muzee huyu ni mubaya tu. Mubaya niko! Kosa ni langu, silikatai, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ila nataka mujue ubaya wenyewe ulipitia wapi.

Nilikuwa kijana wa ndevu tatu. Nilipanda lori Bukavu, naenda Luberizi kujenga ukuta wa gala ya muchele. Mimi ni fundi wa matofali. Shule niliacha mwaka wa tatu, nilicheka katikati ya sala, mwalimu akanipiga, nikaenda kwenye matofali. Matofali hayasali.

Tulipofika Katogota ikanyesha ile mvua inayotukana watu. Lori likazama mpaka tumbo. Siku tatu tulikaa pale!

Mbuzi alikuwa amefungwa karibu na miguu yangu. Siku ya kwanza akala kofia ya mama mmoja. Siku ya pili akala kurasa za Biblia ya muchungaji mmoja, na muchungaji akaangalia, akasema, "Afadhali, ni Hesabu. Hiyo hakuna anayeisoma." Siku ya tatu akala karata. Karo ya tatu, naikumbuka mpaka leo, ile namba tatu nyekundu ilipotea kwenye ule mudomo kama sakramenti.

Muliona? Tumeshafika kwenye karata.

Zilikuwa karata za muzungu muzee, munuzi wa pamba, tumbo lake lilikuwa linafika fasi mbele yake mwenyewe. Mvua ilipomuchosha akatafuta watu wa kucheza. Muchezo wake unataka watu wanne, si watatu, si watano. Akamuchukua dereva. Akanichukua mimi. Wa nne alikuwa mwalimu kijana, amebeba sanduku la chaki kwenye magoti kama mutoto muchanga. Ndiye Melkiadi. Muzungu alisema kwa Kifaransa, Melkiadi akatafsiri, mimi nikashika niliyoweza kushika.

Lori lilipotoka kwenye matope, sisi wawili tulikuwa marafiki. Tumekuwa marafiki kupita ndoa za watoto wangu wote, na ndoa zingine, jamani, tumezizika.

Sasa huyo Melkiadi akinikuta njiani ananiambia, "Bonjour, monsieur." Monsieur! Mutu aliyenishika mukono nikilia kwenye kaburi la mama yangu! Anainua kofia, anapita, kama mimi ni mutu wa kuandika sensa.

Hiyo ndiyo bei. Sikilizeni nilivyoipata.

Muchezo wenyewe unaitwa briji. Wewe na mwenzako munakaa munaangaliana, wale wawili wengine ni adui. Kila mutu ana karata kumi na tatu. Mbele ya kucheza munanadi: kila mutu kwa zamu anataja rangi anayotaka itawale, na ni mizunguko mingapi ataahidi kushinda, akihesabu juu ya sita: ukisema moja ni saba, ukisema tano ni kumi na moja. Anayefuata lazima apande juu, ama aseme "pasi" anyamaze. Rangi ziko nne. Trefu, mweusi wa majani matatu, ndiye wa chini, halafu karo nyekundu, halafu keri ile yenye umbo la moyo, na juu yao wote piki, mweusi, mukubwa wa familia.

Mukishamaliza kunadi, yule aliyetaja wa kwanza ile rangi iliyoshinda ndiye anacheza. Mwenzake anapanga karata zake zote juu ya meza, wazi, kila mutu anaziona, halafu anakaa tu. Hachezi. Hashauri. Wafaransa wanamwita maiti. Sisi watu wa Uvira tulipoona mutu amepanga karata mistari mistari mbele yake, tukasema huyu anaanika, kama wamama wanavyoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kwenye muchanga.

Na ndagala wanaanika wanawake. Musinipige mawe, ndivyo iko huku. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, ameanika maisha yake yote, na ndagala zake zimenilisha kuliko matofali yangu. Siku moja nilimwambia kwamba anayeanika kwenye karata hana kazi. Akasema, "Kuja uanike hapa juani tangu asubuhi, halafu urudie hilo neno."

Sikwenda. Lakini kwenye meza yetu, kuambiwa "leo umeanika" iko tusi. Mutu anaweza kusamehe wizi wa kuku mbele ya kusamehe hilo.

Meza yetu iko Songo, mutaa wetu hapa Uvira, kwenye barza ya Mama Jorjina, mukunga muzee aliyestaafu. Nusu ya vijana wa mutaa huu ni yeye aliwavuta miguu wakatoka, kwa hiyo haogopi mwanaume yeyote. Anasema amewaona wote wakiwa wadogo na wanalia. Kila siku ya Mungu, yaani jumapili, tukitoka ibada, tunakaa pale. Mimi na Mwalimu upande mumoja, siku zote.

Basi yule muzungu wa Katogota alitufundisha hivi: ukiwa na rangi mbili ndefu, tuseme piki tano na keri tano, taja kwanza ile ya juu. Zamu yako ikirudi, taja ya pili. Halafu mwachie mwenzako achague. Yeye anaona karata zake, anajua ni nani kati ya hao wawili atapata ndugu kule kwake. Kama hataki hata mumoja, nyamaza, usimuforce.

Nilisikia yote. Lile la kunyamaza lilipita sikio hili likatokea hili.

Kwa maana niligundua kitu, jamani! Ukitaja rangi mbili wewe wa kwanza, mwenzako akichagua hii, unacheza wewe. Akichagua ile, unacheza wewe! Yeye ataanika tu. Niliona kama nimepata mulango wa nyuma wa kuingia mbinguni.

Tangu hapo nikawa mutu wa rangi mbili. Nikipata karata tano za rangi moja na nne za nyingine, naita zote ndefu. Nikipata nne na nne, naita ndefu! Siku moja nilinadi keri niko na keri tatu, na moja ilikuwa imepasuka. Mwalimu akachagua keri kwa imani, akaanika, na tukaanguka kama nyumba ya udongo.

"Weye Fundi," aliniambia, "miye sijacheza hata mara moja tangu Paska."

"Mwalimu, Mungu anapenda wanyenyekevu."

Yeye ni shemasi kanisani, nilimupiga kwa Biblia yake mwenyewe. Akacheka! Mutu muzuri ni hatari, anakufanya uzoee.

Ingebaki hapo, tungekufa tunacheka. Lakini Mwalimu ana mukwe.

Binti yake wa mwisho, Furaha, aliolewa Luberizi. Baba ya mume wake, ndiye huyo mukwe, ni muzee mwenye mashamba ya muchele na ng'ombe, na fimbo ambayo haiguzi chini, anaibeba tu. Naye briji anajua, yule munuzi wa pamba alimaliza siku zake kule, aliacha wachezaji kama wengine wanavyoacha watoto. Muzee huyo akishuka Uvira lazima apite kwenye barza yetu.

Kwetu mukwe si mutu wa kawaida. Mbele ya mukwe huli kwa pupa, hupigi kelele, huonekani umevaa kandambili zilizokatika kamba. Unaweza kuwa mupumbavu mbele ya Mungu, Mungu anakujua. Mbele ya mukwe, hapana!

Na huyu mukwe alikuja mara mbili, mara zote mbili akakuta Mwalimu anaanika. Akarudi Luberizi na hadithi. Kwenye ile nyumba wakaanza kumwita Furaha "mutoto wa Muanikaji". Mashemeji wakimutuma maji: "Mutoto wa Muanikaji, lete maji." Mwanzo ilikuwa mucheko. Halafu ikawa jina. Furaha akapiga simu kwa baba yake, akasema anacheka, lakini Mwalimu alisikia pua inavyovuta.

Siku ya Mungu iliyofuata, mukwe alikuwa anakuja. Mwalimu akanisimamisha nje ya kanisa, amevaa ile koti yake ya mazishi.

"Kaka," akasema. Hakuniita Fundi, aliniita kaka. "Leo naomba kitu kimoja. Moja tu. Nikinadi rangi yangu, uniachie nicheze. Hata tukianguka, tuanguke mikononi mwangu. Yule muzee anione nacheza, aende aseme kule kwao."

"Mwalimu! Ata usiombe. Leo ni mimi nitaanika. Nitaanika mpaka ninuke samaki."

Nilimupa mukono. Mukono huu ninaoandikia!

Tukaketi. Mukwe akakaa kushoto kwangu, fimbo kwenye mapaja. Mwalimu mbele yangu. Mama Jorjina kulia, ndiye mwenzake wa mukwe siku hiyo.

Michezo ya kwanza walishinda kunadi wao, wakacheza wao. Mukwe anacheza polepole, kama mutu anayechagua ng'ombe. Mwalimu hakupata karata. Mukwe akasema, "Mukwe, leo umekauka bila jua." Mwalimu akatabasamu kwa meno ya mbele tu.

Halafu nikagawa mimi. Nikafungua karata zangu.

Ee Mungu, mbona unajaribu wazee!

Piki tano, na asi juu, ile karata inayopiga zote. Keri tano, na asi juu. Rangi mbili ndefu za kweli, si zile zangu za uongo! Karo mbili, trefu moja, takataka.

"Piki moja," nikasema.

Mukwe: "Pasi." Ni neno alilorudia yeye na Mama Jorjina zamu baada ya zamu.

"Trefu mbili," akasema Mwalimu, na akakaa wima. Niliona. Rangi yake hiyo, ameitaja yeye wa kwanza.

"Keri mbili," nikasema. Hapo bado sijakosa! Hapo ni sheria, nimetaja ya pili, yeye achague.

"Trefu tatu."

Yaani amekataa zote mbili. Anasema: kaka, hao watoto wako sina ndugu zao huku. Mutoto wa siku mbili angeelewa.

"Keri tatu," nikasema.

Mama Jorjina akaniangalia juu ya miwani. "Fundi, uko na homa?"

"Trefu ine," akasema Mwalimu.

"Keri ine."

Hapo nikasikia kitu chini ya meza. Mwalimu amenikanyaga. Shemasi! Amenikanyaga mguu kwa kiatu cha ibada, mbele ya mukwe wake, na uso wake juu ya meza umetulia kama picha ya mutakatifu.

"Mwalimu," akasema Mama Jorjina bila kuinua macho, "huo mguu wako unanadi rangi gani?"

Mukwe akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Mwalimu akaokota fimbo, akamurudishia kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Halafu akasema, kwa ile sauti anayosomea matangazo kanisani:

"Trefu tano."

Mama Jorjina akasema pasi, akanigeukia.

Neno moja tu lilibaki. Pasi. Ni neno dogo, mutoto analiweza. Ningesema pasi, Mwalimu angecheza mizunguko kumi na tatu mbele ya mukwe wake, na mimi ningepanga karata zangu mistari mistari nikapumzike na mgongo wangu.

Nataka niseme ukweli hapa, maana nikidanganya hata kwenye ungamo ni afadhali niende kulala. Sikufikiri kwamba keri ni nzuri kuliko trefu. Watu waliniuliza, nikawaambia nilifikiri hivyo. Uongo! Niliangalia yule mugeni na fimbo yake, nikawaza kitu kimoja: mimi nianike mbele ya mugeni? Mimi, mwenye asi mbili?

Mudomo ukafunguka.

"Keri tano."

Mukwe hakungoja. "Kontre," akasema, polepole, yaani naona utaanguka na nataka uanguke mara mbili. Halafu akamugeukia Mwalimu. "Mukwe, usinichukie. Si wewe."

Mwalimu bado alikuwa na nafasi. Angeweza kusema trefu sita, angenipiga teke, angenitukana. Aliniangalia tu. Jamani, nimeangaliwa na askari na bunduki, nimeangaliwa na bibi yangu nimerudi bila kiatu kimoja. Sijawahi kuangaliwa vile.

"Pasi," akasema.

Mukwe akatupa karata ya kwanza. Na Mwalimu akaanika.

Alianza na trefu. Asi. Mfalme. Malkia. Ghulamu. Wadogo zao wane nyuma. Trefu nane! Nane, mutu wangu! Halafu karo ine, na asi juu. Halafu piki, moja, peke yake kama yatima. Halafu akapitisha mukono fasi ambapo keri zingekaa, akakinyoosha kitambaa cha meza. Hakuna. Hata keri moja.

"Yesu, Maria," akasema Mama Jorjina.

Hesabuni wenyewe. Trefu nane zake, asi yake ya karo, asi zangu mbili: kumi na moja. Trefu tano inataka kumi na moja kamili. Angeshinda amefumba macho. Angeshinda anaimba!

Mukwe akainama akaziangalia vizuri, kama mutu sokoni. "Mukwe wangu," akasema, "unaanika vizuri sana. Ona mistari ilivyonyooka."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo iliyouma. Alisema kama mutu anayesifu.

Nyinyi munaosoma, sikieni muzee asiye na shule. Ukiwa na rangi mbili ndefu, Mungu amekupa maneno mawili. Mawili! Sema ya kwanza, sema ya pili, halafu funga mudomo. Mwenzako akisema mara tatu anataka kitu kingine, si kiziwi huyo, wewe ndiye kiziwi. Na ukiona umeahidi mutu kitu nje ya kanisa, usiingie kwenye barza umebeba asi mbili, zitakula ahadi yako. Mimi nimechelewa. Nyinyi bado muna watu wa kuwakanyaga mguu.

Mwalimu akasimama. Anayeanika ana ruhusa ya kusimama, ndiyo haki pekee aliyonayo. Akafunga vifungo vya koti, vyote vitatu. Akamwinamia mukwe wake kidogo. Akasema, "Naenda kukojoa."

Nikasema, "Enda, Mwalimu, nitakuokolea mizunguko kadhaa." Nikacheka! Nilicheka peke yangu.

Tukacheza. Zamu ya karata zake ikifika nanyoosha mukono mwenyewe nazichukua kwenye mistari. Mukwe alikuwa na keri tano, alinikalia nyuma kama askari jela. Kila keri niliyoitoa, ukiacha asi, yeye alikuwa na baba yake. Nilianguka, nikaanguka tena, na zile trefu nane zimelala pale kwenye jua la alasiri, nzuri, hazina wa kuzicheza.

Karibu na mwisho mukwe akainua kichwa. "Mukwe wangu anakawia."

"Wazee," nikasema. "Bomba limeziba."

Mama Jorjina alikuwa ameacha karata zake chini. Alikuwa anaangalia njia.

"Fundi," akasema, "choo yangu iko nyuma ya nyumba. Yeye amepita mulango wa mbele."

Nikageuka. Nikaona mgongo wa ile koti, mbali, umeshapita kwa muuza makala ya kupikia, unapanda na watu waliotoka ibada ya pili, hauendi mbio, hauendi polepole. Nikaita, "Mwalimu!" Watu wengine wawili wakageuka. Yeye hakugeuka. Nikangoja, karata tatu mukononi, mpaka Mama Jorjina akakunja kitambaa.

Hakurudi.